Buloni Iliyogeuka na Kurudi

Mwaka 1977, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba alikufa, tukahama nyumba ya kambi ya kazi yake kule Panda. Masomo yangu yaliishia pale. Nilienda kuponda mawe Kakontwe, na tangu wakati ule sijaomba muntu chakula. Hayo yatosha. Nataka kueleza juu ya buloni.

Motuka yangu ni Toyota ya zamani. Mwaka huu ilikaa juu ya mawe tangu Pasaka, kuku wakitaga ndani, sababu ya buloni moja: bolti ile ndefu inayoshika mukono wa gurudumu chini ya gari. Inapita katikati ya mpira wenye bomba ya chuma ndani. Mpira ulikuwa umekufa, mupya nilikuwa nao, lakini buloni ilikataa kutoka. Na mahindi yangu ya njia ya Buluo yalikuwa yamekauka shambani, yakingojea motuka ya kuyabeba. Bibi yangu niliyemuoa akachoka, akaita mununuzi wa vyuma vikuukuu. Tukapatana: buloni isipotoka kabla ya jioni, achukue motuka yote.

Akaja na mukokoteni wake, akakaa juu ya ndoo.

"Papa, piga nguvu! Ao nianze kuikata?"

"Weye ngojea. Jua ingali juu."

Nilikuwa nimepiga nyundo wiki nzima. Sasa nikaacha, nikalala chini, nikaangalia. Nati ilitoka zamani. Nilipogeuza kichwa cha buloni kwa kle, ile spana, kiligeuka kidogo. Nilipoachilia, kikarudi chenyewe, kama muntu unayemugeuza kitandani naye anarudilia upande wake. Lakini chuma hakirudi. Ni nini basi kinachorudi? Nikachora alama ya chokaa kwenye buloni, nyingine kwenye ukingo wa ile bomba. Nikageuza tena. Alama zote mbili zikaenda pamoja.

Kumbe! Kutu iliunganisha buloni na bomba, na mpira ndio uliojikunja na kujikunjua. Nguvu zote za nyundo yangu zilimezwa na mpira.

Nikatoa wembe wa musumeno, nikaufunga kitambaa, nikaupitisha kati ya bomba na chasi, nikaanza kuikata buloni pande zote mbili. Mununuzi akaacha ndoo yake, akapiga magoti.

"Ya kushoto inabakia kidogo, papa!"

"Miye naona. Ondoa kichwa, unanifungia mwangaza."

Mukono wa gurudumu ukaanguka. Nikatoa mpira wa zamani, nikaingiza mupya. Ila buloni ya kurudisha iko wapi? Nikaenda kuchokora katika mukokoteni wake, nikapata moja yenye unene uleule.

"Eh, papa! Ile ni yangu!"

"Basi uiuzishe."

Bibi yangu akacheka mpaka akakaa chini. "Muntu amekuja kununua motuka, anauzisha buloni!"

Niliipaka grisi nyingi kabla ya kuiingiza. Kesho yake tukaleta mahindi.

Leo niko na nyumba ya matofali, choo cha simenti, shamba, mahindi ndani ya mifuko, kuku, kle zangu, na Toyota.