Mchanga wa Buti la Hillevi

Asubuhi ile Hillevi aliamka wa kwanza, kama kawaida yake. Akawasha jiko la kuni, akateleka birika la kahawa. Algot, mumewe, alisikia mvua juu ya paa kabla hajafumbua macho, na hakuipenda. Mvua ya Februari huku kwetu kaskazini si mvua, ni balaa. Inanyesha juu ya ardhi iliyoganda, na kila tone likigusa chini linageuka kioo.

Walikaa mezani. Hillevi alikata vipande vya jibini akavitumbukiza kwenye kikombe chake cha kahawa, kama tufanyavyo huku, kisha akavitumbukiza na kwenye cha mumewe bila kuuliza.

"Mama, mimi nimesema nataka?"

"Hujasema hutaki."

"Nasema sasa."

"Sasa limeshalowa, mzee. Kula."

Akala. Hicho ndicho kifungua kinywa chao cha mwisho pamoja. Hakuna kingine kilichosemwa, maana hakuna aliyejua kwamba kilihitaji kusemwa.

Algot alitoka kwenda kuleta kuni. Ngazi ya kwanza ilimtoa miguu yote miwili, akaning'inia kwenye mhimili kama nguo ya kuanikwa. Hakujifikiria yeye. Alimfikiria mkewe akishuka pale na ndoo ya majivu. Akaenda kwenye lundo la mchanga nyuma ya banda, akalipiga kwa mtaimbo. Likatoa cheche. Mchanga wenye maji ukishaganda haunyunyiziki, labda ujengee nyumba.

Mchanga mkavu ulikuwa mahali pamoja tu: ndani ya buti la gari la Hillevi.

Gari lile lilisukumwa na magurudumu ya nyuma. Injini mbele, kazi nyuma. Sasa gari la namna hiyo, nyuma kukiwa kwepesi, gurudumu linazunguka bure kama mbwa anayefukuza mkia wake. Ndiyo maana kila Oktoba Hillevi alianika mchanga juu ya tanuri la mkate, akauchekecha, akajaza magunia mawili ya kilo thelathini, akayalaza ndani ya buti na kuyafunga kamba, sawasawa juu ya ekseli ya nyuma. "Ukiyaweka kule mwisho," alikuwa akisema, "pua ya gari inanyanyuka, na usukani unabaki pambo." Mchanga ule ulikuwa ukitoka mwezi wa Mei tu.

Algot aliyafungua magunia yote mawili. Akamwaga kuanzia ngazini hadi kisimani, na kuanzia kisimani hadi bandani. Ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi Hillevi hakuwa na safari. Akajisemea kwamba ataanika mwingine kabla ya Jumatatu. Hakumwambia. Si kwamba alificha. Aliona ni jambo dogo, akaingia bandani kupasua kuni.

Kama saa nne hivi simu ililia ndani. Alikuwa Manfrid, mzee wa miaka themanini na nne anayeishi peke yake ng'ambo ya Mlima wa Kinu. Dada yake alikuwa anazikwa Jumamosi, naye hakutaka kwenda kanisani na nywele za kondoo. Hillevi ndiye aliyewakata nywele wazee wote wa huku, nyumba kwa nyumba, na mkasi wake kwenye kopo la biskuti.

Alipiga kelele kutoka mlangoni. "Mzee! Naenda kwa Manfrid! Saa nane nimerudi!"

"Haya!" Algot akajibu. Alijibu mdomo tu. Akili ilikuwa kwenye fundo la gogo la mbetula lililokataa kupasuka.

Halafu akasikia injini. Halafu akasikia sauti ambayo hakuwa ameisikia uani kwake majira yote yale ya baridi: vuuu, vuuu, gurudumu linalia juu ya barafu bila kushika. Shoka likamtoka mkononi. Alipofika nje, gari lilikuwa limeshapita lango, nyuma yake ikitikisika kama nyonga za ng'ombe. Akainua mkono, akapunga kwa nguvu zake zote.

Hillevi alimwona kwenye kioo. Akadhani anaagwa. Akapiga honi mara moja, akapotea.

Algot alisimama pale na mvua ikimwingia shingoni. Akajiambia: huyu ni Hillevi.

Na kweli alikuwa Hillevi. Alizaliwa ng'ambo ya ziwa, nyumba ya mwisho kabla msitu haujameza barabara. Baba yake alisomba magogo kwa lori juu ya ziwa lililoganda, na binti alipofika miaka kumi na mitatu alikabidhiwa usukani ili baba apate kusinzia. Hakufundishwa sana. Aliambiwa kwamba ziwani hakuna mti wa kugonga, basi atelezee huko mpaka kuteleza kumchoshe. Alipokuja kuolewa, Algot hakuwa na leseni wala hakuipata baadaye. Mtihani wake una karatasi, na karatasi na Algot hawapatani. Kwa hiyo miaka arobaini na sita alikaa kiti cha abiria kando ya mkewe, kofia magotini, akiendeshwa.

Wanawake wa kijiji walijifunza kwake. Aliwachukua ziwani mmoja mmoja mwezi wa Januari. "Mikono inachelewa kujua," aliwaambia. "Gari la kusukumwa nyuma linasema na matako kwanza. Tako likienda kushoto, usukani nao uende kushoto, na mguu utoke kwenye breki. Breki hapa ni adui mwenye sura ya rafiki." Kuondoka, gia ya pili. Ya kwanza, alisema, ina nguvu za mlevi. Na tairi ziwe za misumari ya kushika barafu, tena nyembamba, maana nyembamba inakata theluji mpaka chini, nene inapanda juu yake kama bata.

Halvar, anayeendesha greda la kukwangua theluji barabarani, alinunua gari jipya la kuvutwa na magurudumu ya mbele. Siku moja mbele ya duka akamchokoza.

"Hillevi, dunia nzima siku hizi inavutwa. Wewe bado unasukuma toroli!"

"Lako linavutwa pua kama fahali, Halvar."

"Lakini linafika!"

"Hata fahali anafika. Muulize mkeo nani kashika kamba."

Watu walicheka mpaka mwenye duka akatoka nje kuona kuna nini. Majira yale yale Halvar aliingia mtaroni na gari lake la kuvutwa, na aliyepita na kamba alikuwa Hillevi. Alimtoa, akammiminia kahawa kutoka chupa yake, wala hakusema neno. Halvar alisema kutosema kule kulimuuma kuliko tusi.

Hayo yote Algot aliyakumbuka akiwa amesimama dirishani, na hayakumsaidia. Gari analolijua mkewe lilikuwa gari lenye kilo sitini nyuma. Hili la leo hakulijua.

Saa tano mvua ikachanganyika na theluji nyepesi, ikatandaza kitambaa cheupe juu ya kioo. Algot akainua simu ampigie Manfrid, amwambie amzuie. Simu ilikuwa kimya kabisa. Hata ule mlio wake haukuwepo. Waya zilikuwa zimevaa barafu nene kama mkono wa mtoto, na mahali fulani msituni zilikuwa zimekatika. Akairudisha. Akaiinua tena. Akaenda kutazama nje kwenye ngazi: mchanga wake ulikuwa umeshika vizuri sana. Mtu angeweza kucheza ngoma pale.

Saa sita. Saa saba. Saa nane akachemsha viazi, akaweka sahani mbili. Msituni misonobari ilikuwa inakatika matawi kwa uzito wa barafu, moja hapa, moja kule, kama mtu anayekaribia bila haraka. Saa nane na nusu alitoa kiti chake cha kutelezea barafuni, cha reli mbili za chuma, kinachosukumwa kwa mguu, akashika njia.

Algot barua husoma kwa shida, lakini alama za njiani huzisoma kama mchungaji anavyosoma Injili. Misumari ya tairi ilikuwa imekwaruza barafu, na mikwaruzo ilionekana chini ya theluji. Kwenye kona ya kwanza nyuma ya gari ilikuwa imetoka nje kidogo, ikarudi. Kwenye kona ya pili ilitoka zaidi. Ikarudi. Baada ya hapo mistari ilikwenda taratibu, katikati ya barabara. Algot akaelewa: hapa ndipo alipojua.

Chini ya Mlima wa Kinu, baada ya kilomita nne, gari lilikuwa limesimama. Nyayo zake, viatu vidogo, zilizunguka hadi nyuma. Mbele ya buti nyayo mbili zilikuwa zimezama sana, na maji yametuama ndani yake. Hapo alisimama muda. Alifungua buti, akaona kamba zimelegea na magunia matupu yamekunjwa vizuri, kama Algot anavyokunja magunia. Hapakuwa na mtu mwingine wa kushukiwa duniani.

Kisha nyayo ziliingia msituni zikarudi. Alikata matawi ya msonobari, akayatandika mbele ya magurudumu ya nyuma, akapanda mlima kwa gia ya pili. Mistari ilikwenda juu ikiyumba, lakini ilikwenda.

Na mistari ya kurudi haikuwepo. Algot aliitafuta pale chini, akakosa. Moyo ukamrudi. Yuko kwa Manfrid, akajisemea. Kakaa huko, mwanamke mwenye akili. Akaanza kupanda.

Katikati ya mlima barabara inapinda juu ya kijito. Pale aliikuta. Kutoka juu ilishuka mistari miwili, safi, imenyooka. Kwenye kona mistari miwili ikawa minne.

Gari linalokwenda mbele huacha mistari miwili. Linaloacha minne linakwenda ubavu.

Juu ya kona greda lilikuwa limesimama, taa yake ya manjano inazunguka. Halvar alikuwa katikati ya barabara, kofia mkononi, mvua inampiga kichwani.

"Algot," akasema. "Kaka, usishuke."

Algot akashuka.

Nani ajuaye kama magunia mawili yangemwokoa? Polisi alisema siku ile hata kifaru cha vita kingeteleza. Halvar alisema hivyo hivyo, akaongeza kwamba yeye mwenyewe aliparuza mlima ule asubuhi mpaka ukang'aa, na hilo litamkaa. Watu walimpa Algot mikono, wakaleta mikate. Yeye hakumwambia mtu habari za mchanga. Alikuwa na swali moja, na lilikuwa la mtu aliyelala chini ya kitambaa. Zile nyayo mbili zilizozama. Pale mbele ya buti alisema nini? Alikufa na hasira naye au hakuwa nayo? Miaka arobaini na sita unaweza kuimaliza vibaya kwa dakika moja, na ukabaki na dakika hiyo.

Aliyekuwa wa mwisho kusema na Hillevi alikuwa Manfrid, na Algot alimkwepa wiki mbili. Alipomwona dukani aligeukia rafu ya kamba. Alimwogopa mzee wa miaka themanini na nne anayetembelea fimbo.

Kwenye kahawa baada ya mazishi hakukuwa na pa kugeukia. Manfrid alikuja akaketi mbele yake. Nywele zake zilikuwa zimekatwa vizuri, nyuma zimenyooka kama kwa rula. Alikuwa amezika watu wawili kwa nywele zile zile.

"Unanikimbia," Manfrid akasema.

"Nakukimbia."

"Basi kaa, nina miguu mibovu." Akanywa kahawa kidogo. "Nilitoka kumsindikiza. Nikaona gari limeinua matako kama kuku. Nikamwambia, Hillevi, weka kuni. Akabeba mikumbatio miwili, akasema inatosha, saa zinakwenda. Kuni mikumbatio miwili si kitu, ningemwambia. Sikumwambia. Na mimi ninalo langu."

Algot alitazama kahawa yake.

"Kisha nikamwuliza," Manfrid akasema. "Nilimwuliza, we mwanamke, kila mwaka una magunia yako, leo nani kakutolea mchanga wako?"

Mwanamke mmoja wa meza ile alishika birika hewani, hamimini. Algot alitaka kuziba masikio, lakini mikono haikupanda.

"Akasema nini?"

Manfrid alifikiri, maana hakutaka kukosea hata neno.

"Alicheka kwanza. Halafu akasema, 'Nimeutoa mwenyewe, Manfrid. Mzee wangu akianguka kwenye barafu, nitamwinua na nini?'"