Maua Yaliyotazama Chini

Watu wa Sumbawanga wanamkumbuka marehemu mume wangu, fundi Lukmani, kwa kosa lisilo lake, na hilo linanikera mpaka leo. Miaka kumi na saba alishona kwenye baraza ya duka la Abdala. Kitenge cha maua makubwa hakukirukia na mkasi. Alikitandaza, akapapasa ule ugumu wa wanga kwa kiganja, akatazama mashina yameelekea wapi. Waridi likianzia kifua cha kushoto lilimalizikia cha kulia, na mshono huuoni. Akina mama walimfuata kutoka hata Mwazye.

Mwaka wa themanini na moja, nguo zimeadimika madukani, katibu wa kata yetu akamletea jora: maua mekundu mapana kama sahani, majani ya kijani kibichi, chini yake manjano ya kuumiza macho. Ashone sare za akina mama kumi na wawili watakaompokea mgeni wa mkoa. Lukmani akalipima, likapungua. Akapima tena, akaenda kumwambia katibu. Akajibiwa kwamba jora ni zima, fundi hodari hashindwi na kitambaa, na mgeni anafika Jumamosi.

Basi akabana. Vipande vilienea kwa kugeuzwa tu: hapa shina juu, pale shina chini, waridi nusu limeishia kwapani. Jumamosi akina mama walipojipanga, uwanja mzima ukacheka. Cornelia, mteja wake wa siku zote, akaja barazani akamtupia gauni.

"Umetuibia kitambaa, Lukmani, halafu ukatufanya vinyago."

Akasema jora lilipungua. Nani amsikilize, na katibu ameshaapa mkutanoni kwamba alilitoa zima? Mwenye nguvu mpishe.

Miezi miwili baadaye mke wa katibu akaja na gauni lake, limeshonwa Mbeya, lipanuliwe kiunoni. Akalikunjua mezani. Jamani! Manjano ile ile, waridi lile lile, tena kitambaa cha kumwaga. Alipoondoka, Lukmani akasimama nalo mkononi. Ng'ambo ya barabara Cornelia alikuwa anauza ulezi. Zilikuwa hatua kumi tu.

Mimi ndiye niliyemshika mkono.

"Baba Zaitun, kaa chini. Karatasi ya mgawo wa sukari na unga tunaipata kwa nani kama si kwa katibu?"

Akakaa. Akalifumua, akalipanua, kila ua likasimama wima na kukutana na mwenzake. Sikupata kumwona akishona vizuri kuliko siku ile. Tangu hapo hakugusa maua tena. Alishona kaptula za kaki za wanafunzi mpaka mwisho wake.

Siku ya msiba wake mama mmoja mgeni aliuliza nani amefariki. Cornelia, aliyeketi mkekani ubavuni pangu, akamjibu taratibu, "Yule fundi wa maua chini." Mgeni akaitikia kwa kichwa, akamjua mara moja.

Na hapo pia nilinyamaza.