Ndevu za Kisu

Watu wengi wa Eldoret hawajui kisu. Wananunua kipya, kikichoka wanakikwaruza kwenye ngazi ya saruji mlangoni, kisha wanashangaa nyanya ikipondeka badala ya kukatika. Wabuge aliwavumilia watu wa namna hiyo. Mimi sina subira yake. Mimi ni fundi wa viatu, jina langu Shitanda, na kwa miaka kumi na mmoja tulikaa bega kwa bega kando ya ukuta wa soko, yeye akinoa, mimi nikishona, mvua ikija tunagawana mwavuli mmoja mkubwa wenye tundu upande wangu.

Mashine yake ilikuwa baiskeli nyeusi iliyokwisha kustaafu safari. Gurudumu la nyuma aliliinua kwa stendi ya chuma, na mkanda wa mpira ukatoka hapo hadi kwenye jiwe la duara lililofungwa mbele ya usukani. Alikanyaga pedali, jiwe likazunguka, kisu kikatoa cheche. Wateja walipenda cheche, wakidhani kazi ndiyo hiyo. Kumbe jiwe la duara hupunguza chuma tu. Kazi yenyewe ilianza aliposhuka akaketi juu ya debe, akakilaza kisu kwenye kinoo kilicholowa maji, mgongo umeinuka kiasi cha unene wa kidole cha mwisho, akakivuta taratibu upande mmoja mpaka ndevu zitoke.

Ndevu ni neno lake. Chuma kikinolewa upande mmoja, ukingo wake hukunjikia upande wa pili, uzi mwembamba ambao jicho halioni. Ukizipata ndevu urefu wote wa kisu, umejua jiwe limefika kwenye makali. Unageuza, unanoa upande wa pili, unapunguza nguvu kidogo kidogo, na mwishowe unanyoa: unakipitisha kisu kwenye ubao laini, halafu kwenye mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia. Kisu chenye ndevu ni mnafiki. Asubuhi kitakata karatasi na mwenyewe atakusifu. Baadaye ndevu zinalala juu ya makali, na mtu anabaki ameshika kipande cha bati.

Ndevu hupimwa kwa kidole gumba, kwa kuukatisha ukingo, si kwa kuufuata. Kidole cha Wabuge kilijulikana. Wapishi wa mtaa wa Elgon View walileta visu vya matajiri wao, wachinjaji walileta vyao, na wote walisimama kungoja kile kidole. Kikikataa, alirudi kwenye kinoo. Kikikubali, alisema, "Imenyolewa," akakilaza kisu juu ya gunia ili mwenyewe akiokote. Hakumpa mtu kisu mkononi. Kwetu kufanya hivyo ni kutafuta ugomvi.

Januari ya mwaka jana niliona damu kwenye gunia.

"Wabuge, unatoka damu."

"Wapi?"

Kidole gumba kilikuwa kimepasuka, naye alikuwa bado anakipitisha kwenye kisu cha mtu. Nilimnyang'anya kile kisu. Sukari alikuwa nayo miaka mingi, na ganzi ilikuwa imeanzia miguuni. Hilo nililijua. La mikono aliniambia siku hiyo, kwa sauti ya chini kama mtu anayekiri wizi.

"Tangu Krismasi sisikii kitu, Shitanda. Ni kama nimevaa glavu."

"Basi tumia pamba. Ipitishe kwa makali, ikinasa ujue ndevu ziko."

"Watu wakiniona na pamba watasema Wabuge ameisha. Bibi yangu Nekesa na watoto watakula pamba?"

"Afadhali waseme."

"Macho bado iko. Hata masikio. Mimi husikia kazi kwa jiwe." Akanitazama. "Wewe ni mtu wa nyumbani. Usiniharibie."

Mtu wa nyumbani. Neno hilo limefunga midomo mingi katika mji huu, na wangu ukiwemo. Sisi wawili tulitoka magharibi kuja kutafuta riziki kwa wenyewe, na ugenini humvui mwenzako nguo. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Lakini kuanzia siku hiyo, kila aliponinolea kisu changu cha kukatia soli, nilisubiri ageuke, nikakipima kwa kidole changu mwenyewe. Mara nyingi ndevu zilikuwepo. Nikazinyoa kwa kipande changu cha ngozi, kimya kimya, asije akaona. Nasema haya kwa aibu: kisu changu nilikilinda.

Vya Mama Purity sikuvilinda. Huyu ni Jepkemboi, mwenye kibanda cha matumbo ndani ya soko, mwanamke mwenye kicheko kinachofika kwetu ukutani kabla yake. Kila Jumatatu alimletea Wabuge visu viwili. Matumbo yanateleza, na mtu anayeyakata kwa kisu butu anacheza na mkono wake. Jumatatu moja ya Machi Wabuge alivinoa, akapitisha kidole, akasema, "Imenyolewa." Nilimwona Mama Purity akiviokota. Nilikuwa na uzi mdomoni, nikauacha hapo hapo.

Asubuhi visu vilikata. Adhuhuri, foleni ikiwa ndefu, makali yakalala. Akaongeza nguvu, utumbo ukateleza, kisu kikaingia kwenye kiganja cha kushoto na kukata kano. Walimpitisha mbele yetu amefungwa leso, na leso ile haikuwa na rangi yake tena.

Jumamosi tulikwenda kumwona hospitalini, mimi na Wabuge, na mkebe wa uji. Alituambia daktari ameshona, lakini vidole viwili huenda visikunjike tena. Alijilaumu mwenyewe. Mimi ndiye niliyesema tuinamishe vichwa. Niliomba maombi marefu, nikamshukuru Mungu kwa kuunusuru mkono wa pili, na Wabuge akasema amina kwa sauti kubwa kuliko wagonjwa wote. Tulipotoka getini nikamwambia, "Tumwambie."

"Hatujui kama ni kisu."

"Wabuge, tunajua."

Akatembea mbele yangu mpaka ukutani kwetu, akapanda baiskeli yake, akaanza kunoa panga la mtu. Nami nikashika kiatu. Kuna hasira ambayo mtu humwekea mwenzake kwa sababu anaogopa kujiwekea mwenyewe, na yangu ilikuwa ya namna hiyo. Kwa miezi mitatu sikumsemesha ila la mvua na mwavuli.

Juni Mama Purity akarudi. Alikuwa amekonda, kicheko hakikumtangulia. Mkono wa kushoto ulikuwa wazi, vidole viwili vimenyooka kama vya mtu anayeapa.

"Mzee, nimerudi. Ile siku nilikuwa na haraka, nikajikata kijinga," akasema, akilaza kisu kimoja juu ya gunia. "Sasa ninolee vizuri kabisa. Mkono ya kushikilia imebaki nusu."

Wabuge alinoa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akinoa. Jiwe, kinoo, ubao, mkanda. Akapitisha kidole. "Imenyolewa."

Mama Purity akainama. Kabla ya kukiokota kisu, akakikatisha kwa kidole gumba cha kulia, polepole, kama alivyomwona akifanya miaka yote. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

"Mzee, hapa kuna kitu inakwaruza."

Wabuge akarudi kwenye mkanda. Akapima. Akakilaza.

"Bado iko. Hapa karibu na ncha. Kwani wewe huisikii?"

Wabuge alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili. Mama Purity akachuchumaa, akamshika mkono wa kulia, akaugeuza juu. Kidole gumba kilijaa mistari ya mikato, mingine imepona, mingine ya wiki hiyo, na mmoja ulikuwa unatoa damu wakati ule ule, mwenyewe hana habari.

"Tangu lini?"

"Krismasi," Wabuge akasema.

Niliona midomo ya Mama Purity ikihesabu. Januari, Februari, Machi. Akauachia ule mkono. Kisha akanigeukia mimi, na nilikuwa nimejua kwamba atanigeukia.

"Na wewe, Fundi? Ulijua?"

Ningeweza kudanganya. Wabuge alinitazama akiomba nidanganye.

"Nilijua."

"Na ukakuja ukaniombea."

Hakupaza sauti. Laiti angepiga kelele, soko lote likasikia, ningepumua. Alitoa gazeti kwenye kikapu, akapiga goti, akaanza kukifunga kisu kwa mkono mmoja, ule wa kushoto ukilikandamiza gazeti bila nguvu. Likamponyoka mara mbili. Mara zote mbili nilinyanyuka kutaka kumsaidia, na mara zote mbili alinitazama, nikakaa.