Chombo changu cha anga kilifukizwa moshi jikoni Nangara, na sitakubali kiitwe aibu

Wakuu, salaam kwenu. Chombo cha anga cha tamthilia yetu kilikaushwa kwa moshi jikoni kwa mama yangu huku Nangara, kama kibuyu cha maziwa. Bawa moja likapinda kwa moto.

Naeleza kilichotokea, sina sababu ya kutia chumvi.

Hapa Babati tuna kikundi kinachorekodi tamthilia ya wageni kutoka sayari nyingine wanaotua Singe, nje kidogo ya mji. Deo ndiye mwongozaji. Neema anahariri kwa kompyuta. Mimi natengeneza vifaa vya kuigizia, kwa mikono.

Chombo nilikiunda kwa dumu la mafuta ya kula, redio mbovu na taa za bajaji. Neema naye akatengeneza cha kwake kwenye kompyuta, safi kabisa.

Deo akaniambia wazi: "Kaka, dunia imehamia kwenye kompyuta. Chako kikifeli jaribio la kamera, wewe utabeba taa tu."

Jaribio la kwanza nikafeli. Nilikipaka rangi ya fedha, kikang'aa.

"Hiki kimetoka angani au duka la masufuria?" Deo akauliza. Watu wakacheka. Alikuwa sahihi, nakiri.

Nikarudi nyumbani. Nikamkuta mama anafukiza vibuyu. Wanaojua nyumba zetu wanajua kibuyu kilichozoea moshi kinavyopata ile rangi ambayo hakuna duka linauza.

"Shikamoo mama. Naomba nikifukize na hiki."

"Marahaba. Ni nini tena hicho?"

"Chombo cha kusafiria angani."

"Na waliomo ndani hawakohoi?"

Alicheka, nami nikacheka naye, nikasahau kwamba dumu ni plastiki. Bawa likalegea.

Sikulinyoosha. Kitu kilichotoka mbali lazima kiwe kimegonga mahali.

Mchana tukakining'iniza kwa uzi wa nailoni kando ya Ziwa Babati, tukarekodi. Upepo ukakitikisa, vumbi likakishika, kivuli chake kikatembea juu ya majani.

Neema akarudia kuangalia kile kipande.

"Hicho kivuli ningekihangaikia wiki nzima," akasema. "Ila chako hakiwezi kugeuka, uzi utaonekana."

"Basi kisigeuke! Kitue!"

Deo: "Kinayumba."

"Kinatua Babati, Deo. Hata basi linayumba likiingia stendi."

Hakucheka.

Wakuu, sina ugomvi na kompyuta. Neema ni fundi kweli, na vita ya vyombo vingi angani siwezi kuirekodi kwa dumu.

Ninachokataa ni hii tabia ya kuona kilichoshikwa kwa mkono ni cha watu waliokosa uwezo wa kompyuta. Kwenye kompyuta, mtu anaamua kila chembe ya vumbi ikae wapi. Vumbi la kwetu linakaa lenyewe, na jicho la mtazamaji linajua, hata kama mdomo hauwezi kueleza.

Nilichojifunza: usikitetee kitu chako kabla hujakubali kasoro yake. Ukishairekebisha, usiinamishe kichwa.

Mnaofuatilia tamthilia za anga, semeni bila kunionea huruma: mngechagua kipi?

Deo alipeleka vipande vyote viwili, cha chombo changu na cha Neema, kwenye kituo cha televisheni. Wakajibu wanataka chombo kimoja tu, tuchague wenyewe.

Juzi alikuja kukichukua changu. Nikamuuliza anakipeleka kwenye kamera au stoo.

Akakifunga nyuma ya bodaboda, bawa bovu likiwa juu, akaondoka. Mpaka leo simu yangu hajapokea, na sijui amechagua kipi.