Kulabu ya Rimorki ya Jeshi

Watoto wangu wananiambia niache hasira, eti Bwana yule alishakufa zamani kwao Ulaya. Afe hata mara mbili, mimi nitasema. Hasira yangu siyo ya kutukanwa, matusi tulizoea wote. Ni ya kulabu moja ya chuma, na ya neno moja nililostahili kuandikiwa na sikuandikiwa.

Wakati ule kila mufanyakazi alikuwa na buku ya kazi. Muzungu aliandika ndani kazi unayofanya na tabia yako, na kule unapokwenda kuomba kazi ingine wanasoma kwanza buku, halafu njo wanakuangalia uso. Katika buku yangu iliandikwa "manevre", maana yake mutu wa kubeba na kuchimba, kwa sababu siku nilipofika kwenye shamba la kahawa la Bwana yule, kule Lushebere katika milima ya Masisi, nilianza na magunia mugongoni. Lakini mwaka wa tatu sikubeba tena gunia hata moja. Mimi njo nilifungua injini ya jeep, mimi njo nilisafisha karibireta kwa unyoya wa kuku. Bwana akikwama kwenye matope hakuita manevre, aliniita mimi kwa jina. Nilitaka aandike "mekanisie", fundi wa magari. Mutu mwenye neno lile aliingia garage yoyote ya mujini, akapewa nyumba ya matofali, na mimi nilikuwa na muke na watoto wawili kijijini Kingi, chini ya manyasi yanayovuja.

Sasa, vita ya wazungu ilikuwa imekwisha, na vitu vya jeshi viliuzwa kwa wenye mashamba. Siku moja Bwana alirudi na rimorki ya jeshi, lile gari lisilo na injini linalovutwa nyuma ya jeep: magurudumu mawili, sanduku la chuma, rangi ya majani. Kwenye ncha ya muti wake wa kuvutia kulikuwa pete ya chuma, nene kuliko kidole gumba changu. Lakini jeep yetu, yule aliyekuwa nayo kabla ya Bwana alikuwa ameondoa kulabu yake ya jeshi na kuweka kichwa cha chuma cha mviringo, cha kuvutia virimorki vya raia. Pete na kichwa kile havikuwa ndugu hata kidogo.

Bwana akasema nivike pete juu ya kile kichwa, nizungushe munyororo, kazi imekwisha. Nikamuambia kwenye barabara ya kunyooka pengine itashika, lakini Masisi wapi kumenyooka? Jeep ikianza kupanda wakati rimorki ingali inashuka, pete itaruka ao itavunja shingo ya kichwa. Alicheka. Halafu akasema, mbele ya muke wake na mbele ya mupishi, kwamba nikipata chuma cha kufaa na kukifunga vizuri, ataandika mekanisie katika buku yangu. Sikuota. Mupishi alisikia.

Nilijua kulabu ya namna ile iko wapi. Wakati wa vita kamyo moja ya jeshi, lori kubwa, ilikufa njiani karibu na Kibua, upande wa Walikale, na watu wa pale waliimaliza kipande kwa kipande. Kulabu ilibaki kwa mufua chuma mumoja, muzee aliyeitumia kukunjia majembe. Kila mwezi Bwana alishuka Walikale kutafuta mafuta ya mawese ya wafanyakazi, basi akaniacha Kibua ili anichukue kesho yake akirudi.

Yule muzee wa Kibua watoto wake walikuwa wakristu, lakini yeye alishika mambo ya mababu wake. Alisema chuma hakitoki kwenye moto wake mikono mitupu. Lazima mwenye kukitaka avukute moto wake tangu asubuhi mpaka jua linashuka, bila kula, halafu kasikisi, pombe ya ndizi, imwagwe kidogo juu ya jiwe la kufulia chuma. Mimi, mutoto wa misa, nilisita. Halafu nikafikiri juu ya manyasi ya Kingi, nikashika mivukuto. Mikono ilikufa ganzi. Jioni alinipa kulabu, na ulimi wake wa kufunga juu, na pini yake. Hakuomba kingine. Aliniambia tu nisione haya kusema nimeitoa kwake.

Kazi ya kuifunga ilichukua siku ine. Chuma cha nyuma ya jeep ni chembamba, ukifunga kulabu pale peke yake itang'oka na kipande chake. Niliweka bamba nene kwa ndani, nikatoboa kwa mashine ya mukono mpaka viganja vikachubuka, nikaingiza bulo ine zenye nati, na vyuma viwili vya kuegemeza vikaenda mpaka kwenye shasi, mifupa ya gari. Nilipima urefu mara tatu ili rimorki isiinamishe pua wala kuinua. Kulabu yenyewe niliiacha izunguke kwenye kiti chake, na pete niliiachia nafasi icheze ndani.

Ile nafasi sikuisoma kwa wazungu. Baba yangu alibeba kipoyi, kile kiti cha kubebea wakubwa wa serikali milimani, muzungu amekaa katikati, watu wane chini ya miti. Alinieleza kwamba kamba ya pale bega inaposhika muti haikazwi kamwe. Ukiikaza, mumoja akiteleza wote wane wanakwenda naye bondeni. Ukiilegeza, aliyeteleza anateleza peke yake na kiti kinabaki. Mambo ya rimorki njo yale yale.

Bwana aliendesha siku moja, akarudi amekasirika. Ile kulabu ilikuwa inapiga kelele, ko, ko, ko, njia yote. Akaniita akanionyesha pete inavyocheza, akasema hii njo kazi yetu sisi, kila kitu kimelegea. Akaniamuru nipige kabari za chuma pande zote na nikaze kulabu isizunguke. Nilimueleza habari ya kipoyi. Ee, ningelimueleza mbuzi! Alisema yeye hakuomba hadithi za wapagazi.

Nikasema ndiyo, Bwana. Nikachukua grisi, nikaijaza pete na kulabu mpaka ikatoka nje, nikafunga kipande cha ngozi juu. Sikupiga kabari hata moja. Kelele ikaisha. Bwana akazunguka jeep akitabasamu, akanigonga begani, akaniuliza kama nimeona sasa. Nilimujibu nimeona.

Mwezi uliofuata tulikuwa tunapanda kutoka Walikale, mapipa matatu ya mawese ndani ya rimorki, Bwana kwenye usukani, mimi pembeni. Mvua ilikuwa imekula ukingo wa barabara. Kwenye kona moja gurudumu la kushoto la rimorki likakosa udongo. Niligeuka nikaona sanduku linalala, mapipa yanaruka, rimorki nzima inageuka tumbo juu. Na pete ikazunguka ndani ya kulabu kama kifundo cha mukono. Jeep ilitikisika, ikasimama kwenye magurudumu yake mane. Chini yetu kulikuwa mawe na muto, usiulize umbali gani.

Bwana alikuwa mweupe kuliko alivyozaliwa. Mawese yalishuka barabarani mekundu, na wamama wa kijiji cha karibu wakaja na masufuria kuyateka kwenye mufereji, hakuna aliyewakataza. Alipopata sauti, alisema ni bahati kwamba aliniamuru kuikaza. Nilinyamaza. Huo ukimya mpaka leo naujutia. Lakini niliwaza buku, nikajiambia mutu aliyeokolewa hatasahau neno moja.

Asante ya punda ni mateke. Kontra yangu ya kazi ilipokwisha, Bwana aliniita kwenye baraza akaandika, akanipa. Nilikuwa nimesoma miaka mitatu kwa mapadri, Kifaransa cha kusoma kilinitosha. Iliandikwa: manevre, mutiifu, anafuata vizuri amri za Bwana wake.

Mutiifu! Kama ningeandikwa muvivu ningenyamaza. Lakini kunisifu kwa kile ambacho kingetuua? Nilisimama pale pale, nikamuambia kwa sauti ambayo hata mupishi aliisikia jikoni:

"Bwana, ile kulabu sikuikaza. Nilipaka grisi tu. Kama ningekutii, wewe na mimi tungekuwa kule mutoni."

Bwana alishuka ngazi, akaenda nyuma ya jeep, akapiga magoti kwenye udongo na suruali yake nyeupe. Alitoa ile ngozi, akaingiza kidole katika grisi, akazungusha kulabu. Ikazunguka. Akaizungusha tena upande mwingine. Mimi, mujinga, nilifikiri sasa amefahamu. Na alifahamu, haki ya Mungu alifahamu, niliona kwenye mabega yake.

Akarudi, akajifuta mikono kwa leso, akaomba buku. Niliitoa mbio mbio. Aliandika kidogo sana, akapuliza wino, akanirudishia bila kuniangalia, akaingia nyumbani.

Alikuwa amekata neno moja tu, "mutiifu", na juu yake ameandika "muongo". Pale penye "manevre" hakugusa.