Radi na Sweta Jekundu

Tulikuwa darasa la sita, kijijini kwetu upande wa Mbekenyera. Kwenye jaribio la sayansi tuliulizwa kama nguo nyekundu huvuta radi. Sote tuliandika hapana, sote tukapata vema. Lakini hapana ile ilikuwa ya daftarini. Nyumbani wingu likifunga, mama zetu walianua kanga nyekundu na kufunika vioo, nasi tuliwasaidia.

Msichana niliyekaa naye dawati moja alikuwa na sweta jekundu la mtumba. Alilivaa hata jua likiwa kali, kwa sababu shati lake lilikuwa limechanika mgongoni.

Siku moja mvua ilitukuta njiani tukitoka shule. Tukakimbilia ghala la korosho, ambalo lilikuwa tupu kwa kuwa msimu ulikuwa umekwisha. Yeye alifika wa mwisho. Mvulana mmoja mkubwa akaweka mguu mlangoni.

"Wee, na lisweta lako jekundu hilo, unakuja kutuua?"

"Jamani, mvua hiyo!" msichana akasema.

"Livue, ulitupe huko."

Alishika kifungo cha juu, akakiachia. "Siwezi."

"Basi nenda mkoroshoni. Radi haili korosho!"

Wenzangu wakacheka. Yeye akaniangalia mimi. Nilikuwa karibu na mlango, na jibu nilikuwa nalo, lilelile la vema. Nilifungua mdomo. Nikaona wote watanigeukia, nikatazama chini.

Alikwenda kusimama chini ya mkorosho, amekumbatia madaftari yake. Sauti siikumbuki. Nakumbuka mwanga mweupe, kisha harufu ya gome lililoungua, na yule mvulana akisema polepole, "Si mnaona? Nyekundu." Hakuna aliyembishia.

Msibani nilipelekwa kwa mama yake, kwa kuwa tulikaa dawati moja. Alikuwa mkekani na wanawake wenzake. Nilimwamkia, akanishika mkono.

"Mwanangu, lile sweta nilimnunulia mimi. La kijani lilikuwepo, nikaona hili zito zaidi. Nimemuua mwenyewe."

"Usiseme hivyo, ni kazi ya Mungu," mwanamke mmoja akamwambia.

Nilijua si sweta. Nilijua nani alimzuia mlangoni, na nani alinyamaza.

"Pole, mama," nikasema.

Hakuniachia mkono. Nilikaa naye mpaka wanaume waliporudi kutoka kuzika, na sikusema neno jingine.