Maneno Niliyomtungia Mwalimu wa Nsumba

(Msomaji huyu ameomba jina lake na la shule yake tusiyaandike. Majina ya watu wengine tumeyabadilisha.)

Mhariri na wasomaji wa ukurasa huu, mimi ni mvulana wa miaka kumi na saba, nasoma kidato cha tatu huku mkoa wa Shinyanga. Si msemaji. Rafiki zangu ni vitabu na kijana mmoja tu, nitakayemwita Masanja. Ninayoyaandika hapa sijamwambia mtu yeyote, hata padri.

Mwaka huu Mzee Saidi, mwenye duka la vitenge hapa Tinde, alileta mashine ya video na jenereta. Kila Jumapili baada ya adhuhuri watu hujazana kwenye ghala lake kutazama mchezo mmoja wa katuni unaokuja sehemu kwa sehemu. Kijana anapanda ndani ya jitu la chuma refu kuliko mnara wa kanisa, analiendesha kama trekta, anapigana na majitu mengine yanayotoka mawinguni. Watu walimwita Nsumba, yaani kijana kwa Kisukuma. Walimpenda kama mtoto wa jirani.

Siku ya kwanza Mzee Saidi alinishika mkono mbele ya watu wote. "Wewe ndiwe wa kwanza kwa Kiingereza shuleni. Simama hapa, utueleze wanasema nini."

Nikasimama. Sikuelewa hata neno moja. Nilidhani wanaongea haraka mno, nikaona aibu, nikabuni. Watu wakapiga makofi. Sehemu ya pili ndipo nilipotazama kasha la mkanda na kuona maandishi kama vijumba vidogo vidogo. Hakikuwa Kiingereza kabisa! Lakini tayari walikuwa wakiniita Profesa, na mimi katika maisha yangu sijawahi kuitwa kitu chochote kizuri na watu wengi namna ile. Nikanyamaza, nikaendelea. Hata Masanja, aliye hodari wa hesabu lakini Kiingereza kinamtesa, hakushuku chochote.

Sehemu ya nne, mwalimu mzee alimshika Nsumba mabegani akaongea naye kwa muda mrefu. Ghala lote likanigeukia. Nikasema, "Anamwambia, mwanangu, vitabu havitailisha nyumba ya mama yako. Funga daftari, panda chuma." Watu walishangilia mpaka vumbi likapanda. Masanja peke yake hakushangilia. Baba yake alifariki mwaka juzi, na ana wadogo wanne.

Wiki mbili baadaye aliniletea madaftari yake yote. "Tunza haya, Profesa. Mwalimu wa Nsumba alisema kweli." Kesho yake akaenda Geita kuchimba dhahabu.

Nilijiambia atarudi. Hakurudi. Kisha ikaja sehemu mpya. Jitu la Nsumba limevunjika mkono, limelala kwenye matope. Yule mwalimu mzee anakuja mbio, anapiga magoti, anamtoa Nsumba ndani, anamkumbatia huku akilia kama mtoto. Mwisho Nsumba amekaa darasani, mkono umefungwa bandeji, anaandika. Hayo hayakuhitaji mkalimani.

"We Profesa!" Mama Kulwa, muuza mchele, alipaza sauti. "Si huyu huyu aliyemwambia afunge daftari? Mbona analia?"

"Anajuta," nikasema.

"Anajuta! Mwalimu gani huyo, kigeugeu kama mvua ya Shinyanga?"

Watu wakacheka. Mwingine akadakia, "Au mkalimani wetu leo amelala njaa?" Mimi nikawaza. Kama mwalimu yule analia hivi, basi siku ile huenda alikuwa akimkataza asiende. Na mimi nilimfanya amtume.

Jumatatu mkuu wa shule akatangaza kuwa Masanja asiporipoti kabla ya kufunga muhula, jina lake litafutwa. Mama yake alikuja kwetu, akakaa chini kwenye mkeka. "Mwanangu, mimi hanisikii. Wewe anakusikia. Nenda ukamlete." Akaniombea nafasi kwenye lori la pamba.

Huko Geita nilimkuta Masanja kando ya duara, ndivyo wanavyoita mashimo yao. Amekonda, mweupe kwa vumbi, kucha mbili hana. Kabla sijasema neno akawaita wenzake. "Jamani, Profesa ndiye huyu! Haya, Nsumba amefikia wapi?" Kumbe alikuwa akiwasimulia kila kitu. Wanaume wanane wakakaa kunizunguka.

Nikawasimulia sehemu mpya kama nilivyoiona, bila kuongeza kitu: matope, mwalimu kulia, Nsumba kurudi darasani. Masanja akanitazama, kisha akacheka polepole.

"Hapo umetia chumvi. Mama ndiye aliyekutuma."

"Haki ya Mungu ndivyo ilivyo."

"Mwalimu yule? Yule aliyesema vitabu havitalisha nyumba? Hawezi."

Wasomaji, hapo ndipo nilipopaswa kusema kwamba maneno yale niliyatunga mimi. Midomo ilifunguka kabisa. Nikawaona wale wanane wakinitazama, nikaona watakavyomcheka yeye pamoja nami, nikaifunga. Akanipiga begani, akashika kamba, akashuka shimoni.

Mama yake aliponiuliza amesema nini, nikajibu, "Anafikiria." Akanishukuru kwa mikono miwili.

Shule inafungwa baada ya wiki tatu. Nikimwandikia kwamba nilitunga yote, huenda akarudi. Au atakasirika, asiamini tena neno langu lolote, abaki huko kwa hasira. Nikinyamaza, jina linafutwa, na shimo lile halina hata nguzo. Sili, na kila nikifungua kitabu naona ile kamba ikiteremka. Ninyi mliowahi kukosea hivi, kaka zangu, dada zangu, wazazi wangu, niambieni: niandike nini katika barua hiyo ili arudi?